Masega mapya, tatizo lilelile: kwa nini yanakufa tena ndani ya mwaka

Gari halipandi mlima. Ukikanyaga mafuta injini inaguna tu, mwendo hauongezeki, mshale wa mizunguko unagoma kuvuka 3,000, na abiria wa mbele analalamika kwamba sakafu inamchoma miguu. Fundi anafungua ekzosi, anamulika tochi, anakuta masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba) yameyeyuka yakawa kama jiwe. Yanawekwa mengine, gari linapaa, kila mtu anafurahi. Miezi minane baadaye ni gari lilelile, mlima uleule.

Hapo ndipo watu husema "masega ya siku hizi feki tu." Mara nyingine ni kweli, na nitafika huko. Lakini yakifa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja au miwili, mimi huishuku injini kwanza. Masega ya kiwandani hutengenezwa yahimili kilomita 160,000 na zaidi, na magari mengi yanayotoka Japani hushuka bandarini yakiwa bado na yale yale yaliyozaliwa nayo. Kitu cha kudumu namna hiyo kikifa kwa miezi minane, kuna kinachokiua, na kinachokiua bado kiko chini ya boneti.

(Jina la vitabuni ni kigeuzi chenye kichocheo. Ukilitamka gereji utaangaliwa. Masega ni masega.)

Usikubali yatupwe kabla hujayaangalia

Ndani ya lile kopo la chuma kuna tofali la kauri lenye vitundu vya mraba, kama 62 katika kila sentimita ya mraba, mengine hufika 93. Kuta zake zimepakwa unga wa alumina na seria, na juu ya unga huo kuna madini matatu: platini, paladiamu na rodiamu. Kwa gari dogo madini yote kwa pamoja ni gramu chache tu. Kazi yake ni kumalizia kuchoma kaboni monoksidi na mafuta ambayo injini haikuyachoma, na kuvunja oksidi za naitrojeni. Huanza kazi yakifika nyuzi 250 hadi 300 za sentigredi, na hufanya kazi vizuri kati ya 400 na 800. Kuanzia 900 na kitu, punje za madini zinaanza kuungana zikawa kubwa, na eneo la kufanyia kazi linapungua. Karibu na 1,400 kauri yenyewe inayeyuka.

Kwa hiyo masega yana namna tatu za kufa: kuungua, kupakwa uchafu na kuvunjika. Kila moja huacha alama, ndiyo maana maiti ni muhimu. Yakitolewa, yaweke juani uyasome.

Kauri iliyoyeyuka katikati ikawa kama kioo maana yake ni mafuta mabichi yaliyoungulia humo ndani: gari lilikuwa linamisi, yaani silinda haichomi mafuta yake, au mchanganyiko wa hewa na mafuta ulikuwa mzito mno, mafuta yamezidi. Masizi meusi makavu bila kuyeyuka ni mchanganyiko mzito wa muda mrefu kwenye safari fupi fupi. Majivu ya kijivu au kahawia yaliyogandamana upande wa kuingilia, pengine na unyevu wa oili, ni injini inayokula oili. Utando mweupe mweupe ni maji ya rejeta. Vumbi la rangi ya chungwa au wekundu wa tofali, ambalo utalikuta pia kwenye plagi, linatoka kwenye viongeza oktani, zile dawa za kumimina kwenye petroli, vyenye manganizi au chuma. Kauri safi lakini imepasuka vipande na inacheza ndani ya kopo: imegongwa, au ilipata mshtuko wa baridi ikiwa ya moto. Na kauri safi, nzima, yenye rangi yake ya asili, huku skana (mashine inayosoma kompyuta ya gari) ikiendelea kutoa P0420, kodi ya hitilafu ya masega yaliyochoka? Hapo shuku ubora wa masega yenyewe, au sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, au bomba linalovuja.

Fundi akikwambia yameziba ila hataki kukuonyesha, mwombe tena. Masega ya zamani yana wanunuzi, kwa sababu ya madini yale. Mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilivuka dola 20,000. Kuna masega yaliyowahi kuhukumiwa kifo yakiwa na afya njema.

Kumisi: muuaji wa haraka

Chukua injini ya cc 1,500 yenye silinda nne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Kila silinda inapaswa kulipuka mara 1,500 katika dakika hiyo. Silinda moja ikifa moto, mara zote 1,500 inavuta hewa na mafuta, haichomi, inasukuma vyote kwenye ekzosi. Kwa mwendo wa kawaida wa barabarani hizo ni kama gramu 20 za petroli kwa dakika, pamoja na hewa ya kutosha kuichoma yote. Inakwenda kuungulia wapi? Kwenye masega, ambayo tayari ni ya moto na kazi yake ni hiyo hiyo. Joto linalotoka ni karibu kilowati 15, sawa na majiko kumi ya umeme ya kilowati moja na nusu yakiwashwa ndani ya kopo la ukubwa wa birika. Kwa hali hiyo dakika chache zinatosha kuyeyusha.

Ndiyo maana kwenye magari yenye mfumo wa OBD II (wa gari kujikagua lenyewe) taa ya injini ina lugha mbili. Ikiwaka ikatulia, una tatizo la kupeleka gereji wiki hii. Ikipepesa, yaani inawaka na kuzima mfululizo, kompyuta inakwambia silinda inamisi kiasi cha kuharibu masega sasa hivi. Punguza mwendo, toka barabarani, zima. Kuendelea mpaka nyumbani "ni hapo tu" ndiko kunakozaa bili ya masega.

Kodi za kumisi kwenye skana ni P0300 kama kunahama hama, na P0301 hadi P0304 kwa silinda namba 1 hadi 4. Ukipata P0302, kwa mfano, hamishia koili (inayotengeneza umeme wa cheche) ya silinda ya 2 kwenda ya 3, futa kodi, endesha taratibu dakika chache. Kodi ikihamia P0303, koili ndiyo mbaya. Isipohama, badilisha plagi kwa namna hiyo hiyo, kisha nozeli inayopulizia petroli. Bei yake ni muda tu, na inakuepusha kununua koili nne ili kubahatisha moja.

Plagi ndizo chanzo kinachodharauliwa kuliko vyote. Injini nyingi za Toyota za 1NZ, 1ZZ na 2AZ zinataka plagi yenye mwanya wa milimita 1.1, na soko limejaa iridiamu za kughushi ambazo ncha yake imelika kabla ya kilomita 15,000. Mwanya ukipanuka hadi 1.4 au 1.5, koili inahangaika kurusha cheche hasa gari likibeba mzigo, kwa hiyo sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) inakuwa tulivu kabisa na kumisi kunatokea mlimani tu. Mwenye gari hana habari, masega yanayo.

Halafu kuna mazoea mawili ya gereji ambayo kwa maoni yangu yameua masega mengi kuliko matuta yote ya barabarani. La kwanza ni kuchomoa koili moja moja injini ikiwa inaunguruma ili kusikiliza ipi haina kazi. Ukichomoa koili, nozeli inaendelea kumwaga petroli. Chomoa soketi ya nozeli badala yake: silinda inazimika vilevile na hakuna tone linaloingia kwenye ekzosi. La pili ni kusukuma gari, au kupiga stata nusu saa, kwa injini iliyokwisha kulowa petroli. Ikija kushika, petroli yote iliyolala kwenye bomba inawaka kwa mkupuo.

Wenye injini za D4, ile 1AZ-FSE iliyowekwa kwenye Premio, Allion, Noah na Wish za mwanzoni mwa miaka ya 2000, wana jambo la ziada. Nozeli zake hupulizia moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna petroli inayoosha migongo ya valvu za kuingiza. Kaboni hujijenga pale ikawa kama ugoro uliokauka, hewa inaingia kwa kupapasa, na gari linamisi asubuhi au kwenye sailensi. Unaweza kubadilisha plagi na koili zote, ikabaki vilevile, mpaka ufungue manifodi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda) na kukwangua valvu. Kwenye injini hizi usiweke masega mapya kabla ya kazi hiyo.

Mchanganyiko mzito usiomisi

Huyu anaua polepole na hana kelele. Skana yoyote yenye uwezo wa kusoma data hai itakuonyesha tarakimu mbili: STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu), yaani kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi. Injini ikiwa ya moto, zote mbili kwa pamoja ziwe kati ya −10 na +10. Ukikuta −18 mfululizo, kompyuta inajitahidi kupunguza mafuta yasiyotakiwa: nozeli inavuja, shinikizo la petroli liko juu, au sensa ya hewa ya MAF inadanganya. Ukikuta +20, kompyuta inadhani petroli ni pungufu, na hapo kuna mtego.

Mtego ni huu. Gasketi ya manifodi ya ekzosi ikivuja, au bomba likiwa na ufa kabla ya sensa ya kwanza ya oksijeni, kila pigo la injini hunyonya hewa kidogo ya nje. Sensa inanusa oksijeni nyingi, inatoa taarifa kwamba mafuta ni haba, kompyuta inaongeza. Kwenye skana gari lina njaa. Ukifungua plagi ni nyeusi tii, gari limeshiba mpaka linatapika. Ukikuta ugomvi huo kati ya skana na plagi, tafuta uvujaji kabla ya kugusa kitu kingine. Asubuhi injini ikiwa baridi, mtu mmoja awashe, mwingine apitishe mkono karibu na maungio, asiguse, akisikiliza mlio wa "tik tik tik" unaopungua injini ikipata moto na chuma kikitanuka. Dawa ni gasketi mpya au kuchomelea vizuri. Ile pasti ya kuziba ekzosi usiiweke popote kabla ya masega, kwa sababu ikikauka hupasuka na vipande vinakwenda kukaa juu ya vitundu.

Sensa ya kwanza ikizeeka nayo inachelewa kujibu. Sensa ya kawaida ya oksijeni, injini ikiwa ya moto na mizunguko 2,500, inapaswa kurukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kupumzika. Ikijikokota au ikiganda sehemu moja, ibadilishe. Angalizo kwa Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 2000: sensa ya mbele ni ya aina ya A/F (hewa kwa mafuta), husomwa tofauti na hairuki hivyo, kwa hiyo usiitupe kwa kuitazama kwa macho ya sensa ya kawaida.

Na sasa thamostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Sijui nani alianza kusema kwamba nchi za joto hazihitaji thamostati, ila ushauri huo umeenea kutoka Mwanza mpaka Mombasa. Thamostati ya Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82, na injini inatakiwa iishi kati ya 85 na 95. Ukiitoa, barabara kuu usiku injini inakaa 65 au 70. Kompyuta inaona injini haijapata moto, inaendelea kuongeza mafuta kidogo kidogo kama ya asubuhi. Masizi yanajaa kwenye masega, petroli inachuruzika kwenye kuta za silinda na kuosha oili, ringi za pistoni zinalika, na ringi zikilika utakutana na sehemu inayofuata. Kama gari lilikuwa linachemsha ndipo thamostati ikatolewa, basi kuna rejeta iliyoziba, feni isiyowaka au mfuniko uliochoka. Tengeneza hicho, rudisha thamostati.

Oili: hesabu isiyopendwa

Oili ya injini ina fosforasi na zinki, kiambato cha kulinda vyuma visisagane. Ndani ya injini ni mlinzi. Ikichomeka na kufika kwenye masega ni sumu, kwa sababu hujipaka kama varnishi juu ya madini na haitoki kwa joto wala kwa kuoshwa.

Tupige hesabu. Oili za kisasa za petroli za 0W-20 au 5W-30 zenye nembo ya API SN au SP haziruhusiwi kuzidi fosforasi asilimia 0.08. Gari linalokula lita moja kila kilomita 1,000 litakuwa limechoma lita 20 katika kilomita 20,000. Lita 20 ni kama kilo 17. Fosforasi yake ni gramu 13 na ushee. Linganisha na zile gramu chache za platini na wenzake. Na hiyo ni kwa oili nzuri. Kikomo hicho cha 0.08 hakizibani oili nzito kama 20W-50, na oili za dizeli kwa kawaida huwa na fosforasi nyingi zaidi. Kwa hiyo yule aliyebadili kwenda oili nzito "ili gari lipunguze kula" amepunguza lita na akaongeza sumu kwa kila lita.

Injini mbili zinajulikana dunia nzima kwa ugonjwa huu. 1ZZ-FE za kabla ya 2005 zina vitundu vidogo na vichache vya kurudisha oili kwenye pistoni. Vikiziba kwa kaboni, ringi ya oili inaganda. 2AZ-FE za kati ya 2006 na 2009, zilizomo kwenye RAV4, Vanguard, Estima na Camry, zina ugonjwa wa jamaa yake, mpaka Toyota ya Marekani ikaongeza dhamana ya kubadilisha pistoni na ringi. Kipimo walichotumia kule ni robo galoni kwa maili 1,200, yaani karibu lita moja kwa kilomita 1,900. Likizidi hapo, ni gonjwa.

Pima mwenyewe. Egesha sehemu tambarare, zima, subiri dakika kumi, jaza hadi alama ya juu kabisa. Endesha kilomita 1,000. Rudi pale pale, jaza tena kwa chupa yenye mistari ya mililita. Ukiongeza mililita 500 au zaidi, usinunue masega.

Moshi wa bluu husaidia kujua inatokea wapi. Ukitoka asubuhi gari likilala kisha ukaisha, shuku valvu sili, zile sili zinazozuia oili isipite kwenye valvu. Ukitoka baada ya kuteremka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta kisha ukakanyaga, ni valvu sili pia. Ukiendelea kila unapokanyaga, ni ringi. Anza na kitu cha bei ndogo, yaani valvu ya PCV (inayotoa mvuke wa oili ndani ya injini): itoe, itikise, isipolia "kachakacha" imeziba au imeganda, na ikiwa hivyo peke yake yaweza kuifanya injini inywe oili. Usidanganywe pia na kipimo cha kompresheni. Silinda zote zinaweza kusoma bar 13 bila tofauti na bado gari linakula oili, kwa sababu ringi za kompresheni ni nzima na iliyoganda ni ile ya oili, ambayo kipimo hicho hakiigusi.

Kuna mduara mwingine mbaya zaidi. Masega yaliyo karibu kabisa na injini, kwenye manifodi yenyewe, yakianza kumomonyoka, unga wa kauri unaweza kunyonywa kurudi ndani ya silinda pale valvu za kuingiza na kutoa zinapokuwa wazi kwa pamoja. Kauri ni msasa. Wenye Toyota MR2 za 1ZZ wanaujua ugonjwa huu, na wenye Nissan za QR25DE vilevile. Silinda zinakwaruzwa, injini inaanza kula oili, oili inaua masega mapya, na mwenye gari anajiuliza kipi kilianza.

Maji, silikoni na kituo cha mafuta

Rejeta inayopungua bila tone chini ya gari ni dalili ya hedi gasketi inayovujishia ndani. Kulanti ina silikati au fosfati, na mvuke wake ukipita kwenye masega unapaka utando usiotoka; sensa inakufa nayo. Pandisha shinikizo la bar 1 kwenye rejeta kwa pampu ya kupimia, acha robo saa, angalia kama linashuka. Na fundi anapofunga sampu au kifuniko cha valvu kwa silikoni ya bomba, aitumie ile iliyoandikwa kuwa haidhuru sensa za oksijeni, tena nyembamba.

Petroli yenyewe? Petroli yenye madini ya risasi haipo tena kwenye pampu zetu. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha petroli hiyo kufikia 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikamaliza 2021. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ndio uliosumbua. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, alama za kugundua uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo. Petroli iliyochanganywa hushusha oktani, injini inagonga, kompyuta inachelewesha cheche ili kuiokoa, na cheche iliyochelewa maana yake moto unaendelea kuwaka ukiwa tayari unatoka kwenye ekzosi. Mara moja haitakuua. Ukijaza hapo hapo kila wiki na plagi zinatoka na rangi usiyoielewa, hama kituo. Na zile chupa za kuongeza oktani, zenye manganizi, achana nazo.

Kugongwa ni hadithi fupi. Kopo likibonyea kwenye tuta, kauri ndani imepasuka. Ukivuka dimbwi la maji linalofika kwenye ekzosi ukitokea mwendo mrefu, kopo la nyuzi 500 linapoozwa ghafla. Subiri dakika kumi kabla ya kuvuka, au pita njia nyingine.

Kabla ya kununua mengine

Hakikisha kwanza kweli yameziba. Fungua sensa ya mbele, funga geji ya shinikizo mahali pake (nyingi zina uzi wa milimita 18, nyingine zina kitako cha nati mbili), washa. Kwenye sailensi isizidi bar 0.1, na kwenye 2,500 isizidi 0.2. Ikipanda kila ukiongeza mafuta, njia imeziba. Kupima joto kwa bunduki ya infraredi mbele na nyuma ni kiashiria tu, kwa sababu injini safi yaweza kuonyesha tofauti ndogo sana.

P0420 ni jambo jingine: inasema masega hayahifadhi oksijeni vya kutosha. Sensa ya nyuma inapaswa kutulia karibu na volti 0.6 au 0.7; ikianza kuiga mirukoruko ya ile ya mbele, masega yamechoka. Fahamu pia kwamba baadhi ya magari ya soko la Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000 hayana sensa ya nyuma kabisa, kwa hiyo hutaona taa mpaka gari lishindwe mlima. Na mengi ya kabla ya 2008 yana tundu la pini 16 la kuchomeka skana lakini vidude vidogo vya Bluetooth haviyasomi. Tafuta gereji yenye mashine inayojua Toyota ya Japani.

Sasa ubora. Masega mapya ya bei chee yanafanana nje na ya kiwandani, lakini yana madini kidogo na seria kidogo, na mengine hurudisha P0420 baada ya kilomita 10,000 bila kosa la injini. Kati ya hayo na ya mtumba ya kiwandani yaliyotoka kwenye injini nzima ya Japani, mimi huchagua mtumba, kwa masharti: yatikise, yasilie, mulika tochi upande mmoja, upande wa pili uone mwanga kwenye vitundu vyote, angalia kauri isiwe na mng'ao wa kioo wala majivu. Zingatia mahali pa kuyafunga. Yale ya kuchomelea yakiwekwa mita moja nyuma ya pale ya kiwandani yalipokaa, hayapati joto la kutosha kwenye foleni na hujaa masizi. Mshale uelekee nyuma ya gari. Gasketi zote mpya. Sensa ifungwe kwa nguvu ya Nm 40 hivi, si kwa mguu.

Kuyaosha kwa sabuni, tina au tindikali huondoa masizi tu. Kilichoyeyuka hakiyeyuki kurudi, na fosforasi haiondoki.

Kuyatoa moja kwa moja na kupitisha bomba tupu, je? Gari litatembea, tena litatembea vizuri, sitadanganya. Litanuka, litatoa kaboni monoksidi nyingi zaidi, na kama lina sensa ya nyuma litawasha taa. Kinachonikera zaidi ni kwamba ile nozeli inayovuja au ringi iliyoganda inabaki pale pale, sasa bila kitu cha kukuonyesha. Petroli inaendelea kuosha silinda mpaka injini yenyewe inaanza kugonga.

Ukishayafunga, futa kodi, endesha nusu saa mfululizo kwa kilomita 80 hadi 100 kwa saa, kisha soma LTFT na uiandike. Baada ya kilomita 1,000 soma tena, fungua plagi mbili uziangalie rangi, pima oili kwa chupa ileile ya mililita. Baada ya 5,000 rudia. LTFT ikiwa imehama kutoka +3 kwenda +14 katika muda huo, kuna kitu kimeanza, na una nafasi ya kukikamata masega yakiwa bado mazima.